Mgeni wa bei chee: anabana matumizi au anatubana sisi?

Juzi kati nilikuwa Moshi mjini kwa dogo mmoja anafanya kazi hosteli, akaja kijana wa Kijerumani na simu mkononi, ana bei mbili za kupanda Kilimanjaro njia ya Machame siku sita, moja dola 1,100 nyingine 1,850, anauliza kama wote tunafika kilele kilekile hiyo 750 ni ya nini. Dogo akanigeuzia mimi manake anajua niliwahi kuwa mgumu, nimebeba mizigo ule mlima miaka mitatu kabla sijapata akili ya kuhamia Arusha. Nikajibu nilichoweza, ila swali lenyewe nikarudi nalo kwenye Coaster mpaka Arusha.

Huku Arusha ukimtaja mtalii wa bajeti wenye makampuni wanakunja sura. Nina rafiki ana Landcruiser mbili, yeye msimamo wake ni mmoja tu, wageni wa mabegi ya mgongoni wanaharibu soko, wanabishana mpaka bei ya maji afu wanashinda wanakula chipsi mayai. Namwelewa, gari ikipasuka springi kule Serengeti hakuna mtu anakupunguzia bei ya spea kwa sababu mgeni wako alikuwa mwanafunzi.

Lakini mi hapo simuungi mkono asilimia mia. Mgeni aliyelipa kila kitu hukohuko kwao, akashuka uwanja wa ndege wa KIA akaingizwa kwenye gari, akalala lodge, akarudishwa KIA, huyo mtaa haumjui kabisa, hela yake kubwa imebaki kwa wakala aliyemuuzia safari huko Ulaya. Huyu wa kubana analala gesti ya mtaani, anakula wali maharage kwa mama lishe, bodaboda, daladala, jaketi la baridi kanunua mtumba pale soko la Memorial Moshi badala ya kukodi. Hela yake ni ndogo ila inafika mkononi kwa mtu jioni hiyohiyo. Kwa hiyo akibana kwenye kulala na kula na usafiri wa mjini hajamuumiza mtu, kahamisha tu hela kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na huo mwingine mara nyingi ndo wenye njaa.

Shida inaanza getini.

Twende kwenye hesabu sasa. Kwa mgeni wa nje TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, wanachukua dola 70 kwa siku ya kuwa ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro, kambi dola 50 kwa usiku, na dola 20 ya uokoaji kwa safari. Siku sita usiku tano ni 420 jumlisha 250 jumlisha 20, inakuja 690, weka VAT asilimia 18 unaigusa 814. Hiyo haina maelewano, uwe na kampuni ya bei mbaya au ya bei chee utalipa ileile. Sasa chukua ile 1,100 ya yule kijana utoe 814, imebaki kama 286, na hapo ndani kuna mwongozaji, mpishi, wagumu watatu au wanne, chakula cha watu wote hao siku sita, gari ya kwenda Machame geti na kurudi, na mwenye kampuni naye ana watoto. Gawanya mwenyewe. Mwenye kampuni hawezi kuikata serikali, kwa hiyo anamkata mgumu.

Na najua anavyokatwa. Kuna kampuni moja, jina niache, tulikuwa tunapimwa mizigo getini vizuri tu kilo 20 haizidi, tukishatembea kidogo ndani ya msitu mwenzetu mmoja anarudishwa, mzigo wake tunagawana. Mshahara unaambiwa mtamalizana na tipu ya mgeni. Mgeni naye akishuka anasema nimeshalipa kampuni. Yaani unashuka geti la Mweka magoti yamekwisha na mfukoni una nauli tu.

Ila niseme na upande wa pili manake ni kweli pia, bei kubwa siyo ushahidi. Zipo safari zinauzwa ghali sana na mgumu analipwa kilekile cha bei chee, tofauti imeliwa na madalali wa katikati, kuanzia wa mtandaoni mpaka flaikecha, wale wanaodaka wageni stendi. Na kampuni changa za vijana wetu wengi ziliingia sokoni kwa bei ya chini, bila hivyo nani angewajua? Ndo maana nilimwambia yule kijana asiulize bei tu, aulize wagumu wangapi, wanalipwa lini, wanalala wapi. Pale Moshi wapo KPAP, hao kazi yao ni kufuatilia wapagazi wanavyotendewa na wanajua kampuni zipi zinalipa.

Kitu kingine watu wanapobania vibaya ni siku. Siku moja zaidi mlimani ni 70 na 50, na VAT kama dola 141, mtu anaona bora akatishe. Kilele kipo mita 5,895 na mwili unataka muda kuzoea hewa, ukikimbizwa ukageuzwa kambi ya Barafu unatapika umeokoa 141 umepoteza safari nzima, tena hapo una bahati.

Kubana kwa akili kupo. Kushuka kreta ya Ngorongoro gari inalipiwa dola 250 na VAT, jumla 295, ukiwa peke yako ni yako yote, mkiwa sita kila mtu kama 49, kwa hiyo tafuta wenzako mchange gari. Au uje masika, mwezi wa nne huku sisi tunakula akiba, vyumba vinashuka bei, hata rafiki yangu wa Landcruiser anakuwa mpole. Ila ujue Machame itakuwa tope mtupu na mlima unaweza usiuone wiki nzima, na ada ya Kilimanjaro haishuki hata senti kisa mvua.

Yule kijana aliposikia hesabu akakaa kimya kidogo, akasema basi mlima atarudi mwakani akiwa na hela kamili. Kesho yake akapanda daladala akaenda maporomoko ya Materuni, akala machalari, akanywa mbege, akarudi jioni kalewa kidogo anacheka. Nilivyomsimulia rafiki yangu wa Arusha akaniuliza sasa hapo mimi nimepata nini. Nikamwambia muulize mama wa machalari.