Dabi ya Ontario imerudi: Toronto wasipoimaliza mapema, Ottawa wanaichukua

Jumapili hii ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2025, Toronto Maple Leafs wanaanza na Ottawa Senators raundi ya kwanza ya mchujo wa Kombe la Stanley, kombe la NHL, ligi ya hoki ya barafu ya huku Amerika Kaskazini, na hapa Ottawa ninapokaa hamna stori nyingine, kazini ni hiyo, kwenye basi ni hiyo, watu wanatoka misa wanaulizana kama nahodha wetu Brady Tkachuk amepona au bado. Mara ya mwisho hizi timu kukutana kwenye mchujo ilikuwa 2004. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sa hivi ana miaka 21, dabi hii kaisikia tu kwa wakubwa zake.

Kwa ndugu zangu mliozoea mpira wa miguu: ni mechi saba, anayetangulia kushinda nne anapita, mbili za kwanza Toronto, mbili zinazofuata Ottawa, halafu wanapokezana. Miji yote miwili iko jimbo moja, kilomita kama 450 kwa barabara, na mashabiki wa Toronto wamejaa mpaka huku kwetu, kwahiyo mtani wako unakaa naye ofisi moja na unapanda naye lifti moja. Ukiwaza Simba na Yanga hujakosea, ila hebu fikiria Simba na Yanga wakae miaka 21 wanakutana kwenye mechi za kawaida tu, hakuna hata moja ambayo anayefungwa anaaga mashindano. Ndo hali iliyokuwepo.

Sasa wa Ottawa wote wanatembea na namba moja mdomoni, tatu bila. Msimu huu wamekutana mara tatu na Ottawa kashinda zote, jumla ya magoli 9 kwa 3. Wa Toronto nao wana ya kwao, nne bila: 2000, 2001, 2002 na 2004, mara nne walikutana kwenye mchujo na mara zote nne Toronto akapita, tena ile ya 2001 bila kupoteza hata mechi moja. Ule ulikuwa uteja kabisa. Mechi ya saba ya 2004 Joe Nieuwendyk wa Toronto alimfunga kipa wa Ottawa Patrick Lalime mawili kipindi cha kwanza peke yake, mechi ikaisha 4-1, na baada ya hapo Ottawa wakamfukuza kocha Jacques Martin na Lalime naye akauzwa. Kidonda kile watu wa hapa bado wanakitaja kama cha juzi.

Mi nasema namba zote mbili zinapotosha, japo haziko sawa. Ile nne bila haina kitu ndani yake, hakuna mchezaji hata mmoja wa leo aliyekuwepo, aliyebaki ni Daniel Alfredsson tu, alikuwa nahodha wa Ottawa enzi zile na sasa yuko benchi kama kocha msaidizi. Ile tatu bila nayo ni mechi za msimu, timu inacheza mechi 82, leo uko hapa kesho uko Florida, kocha hana muda wa kukaa wiki nzima anakuchambua wewe. Kwenye mchujo muda anao. Lakini humo ndani kuna jambo moja siwezi kulipita: timu yenye Auston Matthews, Mitch Marner, William Nylander na John Tavares, timu iliyofunga magoli 268 msimu mzima, imefunga matatu tu katika mechi tatu na Ottawa, na ile ya Novemba wakiwa kwao walilala 3-0. Bahati inaweza kukupa mechi moja, ikifika tatu lazima kuna namna Ottawa wanawabana.

Namna yenyewe naiona hivi. Kocha wa Ottawa, Travis Green, amechukua timu ambayo msimu wa 2023-24 iliruhusu magoli 281, msimu huu wameruhusu 234. Sehemu ya hiyo ni kipa, Linus Ullmark waliyemchukua Boston mwaka jana, lakini sehemu kubwa ni uvumilivu, hawakimbilii mbele wote kama zamani, wanaziba katikati, wanakusukuma pembeni upige shuti la mbali ambalo kipa analiona tangu linatoka kwenye fimbo. Jake Sanderson ana miaka 22 tu na mi kwangu ndo beki bora kwenye mfululizo huu wote, timu zote mbili, anateleza mpaka unadhani barafu inamsaidia yeye peke yake. Ukiwa watano kwa watano, yaani timu zote zimekamilika ukiacha makipa, Ottawa wanaweza kukaa na Toronto usiku kucha bila goli na wala wasione tabu.

Tatizo ni kwamba hoki haichezwi watano kwa watano muda wote. Mtu akifanya faulo anakaa nje dakika mbili, timu yake inabaki pungufu, na hizo dakika za mwenzio kuwa pungufu huku wanaziita pawaplei. Na hapo ndo Toronto wanatisha. Mwisho wa msimu kocha Craig Berube alimtoa beki kabisa kwenye kikosi cha pawaplei akaweka mafowadi watano, Matthews, Marner, Nylander, Tavares na kijana Matthew Knies kasimama mbele ya kipa anamziba macho. Hesabu mwenyewe, Nylander magoli 45, Tavares 38, Matthews 33 na huyo alikuwa anacheza na maumivu, Knies 29, Marner pointi 102, yaani magoli yake ukijumlisha na pasi za magoli. Hao wote kwa pamoja wana nafasi ya ziada uwanjani na wewe una watu wanne. Na ulinzi wa Ottawa wakiwa pungufu si kati ya zile bora za ligi, nasema hivyo nikiwa shabiki wao.

Ila subiri, wa Toronto wasishangilie bado. Mwaka jana hawahawa mastaa, na Boston, walipata pawaplei 21 kwenye mfululizo mzima wakafunga moja. Moja kati ya 21! Mfululizo ukaenda mechi ya saba wakatolewa 2-1 dakika za nyongeza. Nenda nyuma uangalie mechi zao tano za mwisho za kuamua mfululizo, zile ambazo yeyote anayefungwa anaaga: 2019 na Boston walifunga moja, 2020 na Columbus sifuri, 2021 na Montreal moja, tena walikuwa wanaongoza mechi tatu kwa moja, 2022 na Tampa Bay moja, 2024 moja. Magoli manne katika mechi tano, na wafungaji wote hao. Ukimuuliza mtu wa Toronto atakwambia laana, wamelogwa tangu 1967 walipochukua kombe la mwisho. Mi siamini mambo ya laana kwenye barafu. Ninachoona ni kwamba kadri mfululizo unavyorefuka waamuzi wanaacha filimbi mfukoni, hawataki goli la pawaplei liamue mechi ya saba, na filimbi isipolia ile silaha kubwa ya Toronto inabaki ghalani, inabidi wakufunge watano kwa watano, kwa kusukumana mbele ya goli, na huko siku zote ndo wamekwama.

Kwahiyo ukiniuliza nani anapita, mi nakuuliza kwanza, mfululizo utakuwa mrefu au mfupi?

Upande wa Toronto watu wenye akili zao wananijibu kwamba timu hii ya mwaka huu sio ileile, na lazima nikubali wana hoja. Berube alichukua kombe 2019 na St. Louis, na sio kocha wa mapambo. Amewafundisha kukirusha mbele kile kisahani, ambacho ndo mpira wa hoki, na kukimbilia kukigombania kwenye kona, ukilinganisha na zamani walikuwa wanapasiana weee mpaka wananyang'anywa. Mabeki wao sasa ni miili mikubwa, Chris Tanev huyo anaweka mwili kwenye kila shuti, Brandon Carlo wamemtoa Boston mwezi uliopita. Wamemaliza kileleni mwa kundi lao na pointi 108, Ottawa 97. Halafu mechi nyingi za kubanana msimu huu wamezishinda kwa goli mojamoja, bila mbwembwe, kitu ambacho Toronto ya zamani ilikuwa haiwezi. Kama kweli wamebadilika, basi hata mechi ya saba haitawatisha. Mi bado nataka nione kwanza, maana Aprili ndo mwezi ambao wametuonyesha rangi zao mara nyingi.

Na makipa je? Hapa watu wanapita harakaharaka wanasema Ullmark jina kubwa, alichukua tuzo ya Vezina 2023 ya kipa bora, basi Ottawa wako juu. Hapana jamani. Huyohuyo Ullmark mwaka ule wa tuzo alikuwa kwenye Boston iliyoweka rekodi ya pointi 135 halafu ikatolewa raundi ya kwanza na Florida, na mechi ya saba hakupewa yeye, alipewa Jeremy Swayman. Kwenye mchujo bado hajawa yule wa msimu. Upande wa pili Anthony Stolarz kaokoa asilimia 92.6 ya mashuti msimu huu, namba nzuri mno, ila yeye hajawahi kuanza mechi ya mchujo, mwaka jana alichukua kombe na Florida akiwa benchi, aliingia mara moja tu katikati ya mechi. Kwahiyo una mmoja kajaribiwa akayumba na mwingine hajajaribiwa. Nikilazimishwa kuchagua kwa sasa nampa Stolarz kidogo, na Toronto wana Joseph Woll pembeni ambaye mwaka jana alifanya vizuri, Ottawa akiyumba Ullmark sioni nani wa kumshika mkono.

Uzoefu nao uko Toronto, hilo halina ubishi. Ottawa hawajacheza mchujo tangu 2017. Tkachuk kaja 2018, nahodha wa timu, hajawahi kucheza hata mechi moja ya mchujo. Tim Stützle hajawahi, Thomas Chabot hajawahi, Sanderson hajawahi. Waliowahi wapo, kwa mfano Claude Giroux, na David Perron ambaye alikuwa na huyohuyo Berube kwenye kombe la 2019, kwahiyo anajua mazungumzo ya kocha wa upande wa pili yanavyokwenda. Wengine wanasema kutokuwa na uzoefu ni kutokuwa na makovu, vijana watacheza bila woga. Labda. Lakini mi naogopa kitu kingine kabisa, naogopa hasira.

Maana hizi timu hazipendani, tuseme ukweli. Februari 2024 pale Ottawa mechi imebakiza sekunde chache, goli la Toronto halina kipa, kijana wetu Ridly Greig badala ya kusukuma kisahani taratibu akapiga shuti la nguvu zote kwenye nyavu tupu, beki wa Toronto Morgan Rielly akamfuata akampiga na fimbo maeneo ya kichwani, akafungiwa mechi tano. Greig bado yupo na Rielly bado yupo. Tkachuk mwenyewe mchezo wake ni wa kukaa usoni kwa watu, kusukuma, kumkera kipa, na ndo uzuri wake, bila yeye Ottawa inakuwa timu ya kawaida. Hizi siku za mwisho za msimu hakucheza kwa majeraha, anarudi Jumapili akiwa na njaa ya miaka saba, mbele ya uwanja mzima unaomzomea. Mtu kama huyo umwambie nini ili atulie? Ndo mtihani wa Travis Green wiki hii, ana wachezaji ambao nguvu yao ni ubabe na wanakwenda kucheza na timu ambayo kila ubabe ukivuka mstari inakuletea mafowadi watano. Ukimfunga kamba Tkachuk umeua timu yako, na ukimwachia kabisa Matthews anapata dakika mbili za kulenga.

Mi roho yangu iko na Ottawa na nitavaa jezi nyekundu mezani kwenye pilau ya Pasaka, wanangu pia. Ila nikiweka utabiri naweka Toronto kwa mechi sita. Naona Ottawa wakichelewa kuzoea kasi ya mchujo, wakitolewa nje sana kwa adhabu mechi mbili za kwanza, na kurudi kutoka nyuma mechi mbili kwa timu hii ya Toronto ni mlima. Lakini wakishinda moja kati ya zile mbili za mwanzo, wakarudi hapa Kanata, kitongoji cha Ottawa uliko uwanja wetu, 1-1, mfululizo utakuwa mrefu, na ukiwa mrefu mpaka mechi ya saba nageuka, nampa Ottawa hata kama mechi yenyewe ni Toronto.

Kwahiyo Jumapili saa moja usiku za huku, msiangalie sana nani anapiga mashuti mengi. Angalieni kile kiboksi cha adhabu dakika kumi za kwanza, nani amekaa mle ndani.