Gazeti la Manchester, mkoba wa London

Mwaka 2010 wamiliki wa The Guardian la Uingereza waliuza Manchester Evening News, gazeti lililoanza 1868, kwa Trinity Mirror ya London, kampuni ambayo tangu 2018 inaitwa Reach. Leo lina ndugu wengi chini ya paa moja: Liverpool Echo, Birmingham Live, Bristol Live na kadhalika.

Wanaoutetea mpango huu wa magazeti ya miji mingi kumilikiwa na kampuni moja wana hoja, tena nzito. Mhariri wa Bristol hahangaiki na mitambo ya tovuti wala habishi hodi kwa kampuni kubwa kuomba matangazo. Kubwa kuliko yote, ana wakili. Kwa sheria ya kashfa ya Uingereza, kesi moja tu inatosha kufilisi gazeti dogo hata kama halikukosea, na matajiri wanaochunguzwa wanalijua hilo fika. Barua ya vitisho ikifika kwenye gazeti lenye kampuni mama, anayeisoma ni mwanasheria, si mhariri ambaye bado anadaiwa pango la ofisi.

Tatizo ni pesa inavyoingia. Tangazo la mtandaoni hulipa kwa kuhesabu waliofungua ukurasa, na mfumo haujali kama aliyefungua anakaa Salford, jirani na Manchester, au Sydney. Kikao cha halmashauri kilichomgharimu mwandishi siku nzima hushindwa vibaya na habari ya mchezaji wa United aliyenyoa nywele. Ndiyo maana habari moja ya duka kuu au ya hali ya hewa huzungushwa kwenye tovuti zote, jina la mji likibadilishwa kwenye kichwa. Mapato yakishuka, panga linashuka kutoka London: mwishoni mwa 2023 Reach ilitangaza kupunguza nafasi 450 hivi. Wakati huohuo, sehemu ya waandishi wanaofuatilia halmashauri katika vyumba vya habari vya mtandao huu wa magazeti wanalipwa kwa fedha za BBC, yaani ada ya televisheni ya mwananchi. Kwangu hilo ni kukiri kwamba biashara yenyewe imeshindwa kuilipia kazi hiyo.

Je, dawa ni kujitenga? Joshi Herrmann alianzisha The Mill hapohapo Manchester mwaka 2020, gazeti la barua pepe linaloendeshwa zaidi kwa ada za wasomaji. Halikukaa peke yake. Likazaa wadogo zake Sheffield, Liverpool na Birmingham. Nalo likawa mtandao wa magazeti! Kwa hiyo silaumu mtandao wenyewe. Mhariri anayelipwa na wakazi atawaandikia wakazi, na anayelipwa kwa kubofywa ataandika kinachobofywa, awe na kampuni mama au asiwe nayo.

Lakini hapo The Mill nayo ina deni la kujibu. Baadhi ya habari zake husomwa na waliolipia tu, na mkazi wa Oldham, mji wa karibu, asiye na pauni za ziada anabaki na tovuti ya bure ileile, ambayo lazima afunge matangazo matatu kabla ya kujua kodi ya halmashauri imepanda kiasi gani.