Mazimwi ya Jim Henson na Watoto wa Migosi

Jumamosi moja usiku, stima iliporudi baada ya kupotea kutwa nzima, tulitundika shuka jeupe ukutani hapa Migosi, Kisumu, tukawasha projekta ya kuazima na kuwaonyesha watoto wa nyumba The Dark Crystal, filamu ya vikaragosi iliyoongozwa na Jim Henson na Frank Oz mwaka wa 1982. Watoto walikuwa sita, mdogo wao ana miaka saba. Walianza kwa kucheka. Kwetu Kenya kikaragosi ni kichekesho; kama si wale wa Sesame Street, ambao Henson mwenyewe aliwabuni, basi ni wale wa The XYZ Show, kazi ya mchora katuni Gado iliyoanza 2009 na kuwageuza wanasiasa wetu kuwa sura za mpira. Kwa hiyo dude la kwanza lenye kichwa cha tumbusi na joho lililochakaa lilipojitokeza, mpwa wangu aliuliza huyo ni waziri gani.

Kufikia katikati ya filamu kicheko kilikuwa kimekatika. Kiumbe mdogo wa mashavu manono amefungwa kitini, mwanga wa jiwe unampiga usoni. Ngozi inasinyaa, macho yanapauka, na uhai wake unadondoka tone kwa tone ndani ya chupa ili mfalme aunywe arudi ujana. Yule wa miaka saba akajifunika leso ya mamake. Dada yangu akasema, "Zima hiyo kitu." Shemeji akasema, "Wacha iishe." Ubishi huo haujaisha mpaka leo, na si wa nyumba yetu pekee. Watazamaji wamekuwa wakiuzungumza tangu filamu ilipotoka.

Kwa ambaye hajaiona: kuna jiwe kubwa lililopasuka miaka elfu iliyopita, na tangu hapo ulimwengu una jamii mbili. Skeksis ni walafi wakatili wanaotawala kasri. Mystics ni wazee wapole wenye mikono minne. Skeksis wamewamaliza Gelfling karibu wote, na kijana mmoja aliyesalia, Jen, anatumwa kutafuta kipande cha jiwe kilichopotea.

Hoja ya dada yangu ina uzito kuliko inavyosikika. Katuni ukimwambia mtoto ni mchoro tu, anakuelewa. Kikaragosi ni kitu halisi kilichosimama mbele ya kamera, kina jicho lenye majimaji na pua inayovuja, na mtoto anajua hivyo. Halafu kuna suala la jina. Mzazi aliyesikia "Henson" alitarajia Kermit, yule kikaragosi chura mchekeshaji. Marekani filamu hiyo ilipewa daraja la PG, la kumwachia mzazi aamue, kwa kuwa PG-13, linaloonya kuhusu watoto walio chini ya miaka 13, halikuwepo hadi 1984. Hata watoto wa huko waliingia ukumbini bila kuonywa ipasavyo.

Shemeji naye alitoa hoja ambayo mtu yeyote wa huku angeitoa. Sisi Wajaluo tulilelewa na Apul-apul, na majirani zetu Waluhya na manani, mazimwi wanaomeza watu wazima wazima, tena usiku, taa ikiwa ni makaa ya jikoni. Henson mwenyewe alikuwa na msimamo huo: alivutiwa na ngano za ndugu Grimm wa Ujerumani jinsi zilivyokuwa kabla hazijapunguzwa makali, na aliona si vizuri mtoto akue bila kuogopa chochote.

Mimi naegemea kwa shemeji, ila yeye anasahau kitu kimoja. Katika siwindhe, nyumba ya bibi walikolala wasichana wakisimuliwa sigana, zimwi lilikuwa kubwa kadiri ya kichwa cha msikilizaji tu. Na bibi alikuwa akiwatazama nyuso. Akiona mmoja amezidiwa, zimwi lilijikwaa, au likapatwa na usingizi. Shuka la ukutani halimtazami mtu.

Lakini usiku ule kazi ya bibi ilipata mwenyewe. Mkubwa wao, wa kidato cha tatu, alikuwa ameshaichoka filamu na kushika simu. Malalamiko yake ndiyo wanayotoa wengi: Jen hana uso. Ni kweli. Sura za Skeksis zimejaa mikunjo na midomo mirefu, na kila mmoja alichezeshwa na watu kadhaa, hivyo akitikisika kidogo tu anaonekana mzima. Gelfling wana uso laini unaofanana na wetu, na jicho letu halisamehe uso wa mtu usiosogea. Wapenzi wa filamu hujibu kwamba shujaa ni ulimwengu wenyewe, uliochorwa na msanii Brian Froud, usio na binadamu hata mmoja machoni, na wale wanyama warefu wa mbio ambao ndani yao kuna watu waliopanda magongo. Sawa, lakini kwa kijana mwenye simu mkononi, mandhari haitoshi.

Basi akaanza kuitangaza filamu kama wale maDJ wa vibanda vya video, Kiswahili na Sheng, sauti juu. Wengi wa wadogo zake hawakuwa wakikifuata Kiingereza vizuri. Awali Henson alitaka Skeksis wazungumze lugha yao ya kubuni bila tafsiri, wakabadilishwa sauti baada ya watazamaji wa majaribio kulalamika. Huenda hakuwa amekosea sana, maana watoto wetu walimwelewa Chamberlain, mmoja wa Skeksis, kwa miguno yake tu. Huyu amenyang'anywa nguo na kufukuzwa kasri baada ya kushindwa kinyang'anyiro cha ufalme, kisha anamfuata Jen porini akibembeleza amani. Mtangazaji wetu akasema, "Jamaa ameanguka kura, sasa anatafuta handisheki." Nyumba nzima, inayowajua wanasiasa wetu wanaopatana kwa kupeana mkono baada ya uchaguzi, ikaangua kicheko. Leso ikafunuka.

Kwa hiyo hofu naweza kuitetea, mradi kuna wa kuisimulia. Mwisho wa filamu ndio unaonitatiza, na ajabu ni kwamba wazazi hawaubishanii. Kipande kinaporudishwa, Skeksis na Mystics wanaungana kuwa viumbe wa nuru, wanamfufua msichana Kira, Gelfling mwenzake Jen, kisha wanapaa zao. Yaani waliokausha watu na kuangamiza kabila zima wanaondoka wakimetameta.

Filamu ilikuwa imetuandaa, nakiri. Mapema Skeksis mmoja anakata roho na Mystic mmoja anakufa saa ile ile. Baadaye mwingine anatumbukia motoni, na Mystic aliye mbali analipuka miali njiani. Mtu wa Kano hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Shujaa wetu wa ngano, Lwanda Magere, mkuki haukumwingia mwilini mpaka ulipochomwa kivuli chake. Huwezi kumwadhibu nusu mtu bila kuiunguza nusu ya pili, na wanaouita mwisho huo wa hekima wana haki yao. Ila mimi nilikuwa Kisumu mwaka wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na kila nikisikia kwamba mkosaji na mwema wameungana, huwa nasubiri mtu ataje waliokufa. Filamu haiwataji. Mfululizo wa Netflix wa 2019, vipindi 10 vinavyosimulia yaliyotangulia kisa hiki, uliwapa Gelfling nafasi ya kuonekana wakiishi kabla ya maangamizi, na nauona umeizidi filamu kwa hilo. Ulipata tuzo ya televisheni ya Emmy ya kipindi bora cha watoto mwaka 2020, na mwaka huo huo ukasitishwa.

Tulipowasha taa, yule wa miaka saba hakuuliza lolote kuhusu kiti wala chupa. Alimgeukia babake: "Kwa hivyo wale wabaya hawakufungwa?"

Shemeji alianza kumweleza habari za jiwe na kipande chake. Mtoto akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena.