Gari la kulala na familia: anza na choo

Usiku mmoja kando ya Ziwa Naivasha, mwanangu mdogo aliniamsha saa nane. Haja ndogo. Tulikuwa juu ya paa la Prado, ndani ya hema la kukunjua, na hatua chache kutoka kwenye ngazi kiboko alikuwa akila nyasi kwa mlio wa mtu anayechana shuka. Mtoto alijikaza mpaka akashindwa. Blanketi lilifuliwa Nairobi.

Tangu hapo, jamaa akiniuliza anunue gari gani la kusafiri na kulala na watoto, mimi huanza na habari ya choo.

Kwa choo, gari-nyumba kamili halina mpinzani. Lina jiko, bafu na kitanda juu ya dereva, na mvua ikinyesha watoto wanacheza karata mezani huku chai ikichemka. Shida ni kulipata. Kenya inataka usukani uwe kulia na gari lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo yale mengi ya Ujerumani na Ufaransa hayatufai. Hata la Uingereza, mara nyingi limejengwa juu ya Fiat Ducato inayovutwa na magurudumu ya mbele. Kwenye lami ya Nanyuki utastarehe. Kwenye udongo mweusi wakati wa masika utalala pale pale, upende usipende. Na kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, dude la mita 7 linakaa wapi mtaani bila kuziba geti la jirani?

Halafu hesabu mikanda, si vitanda. Gari linaweza kutangazwa kuwa linalaza 6 kumbe viti vyenye mikanda ni 4. Hao wawili watashuka mteremko mkali wa Mai Mahiu wakishikilia nini?

Mimi naegemea Hiace, ile tuliyozoea kuiita nissan ingawa ni Toyota. Ile ndefu ina mita 5.38 tu, spea zake zimejaa Grogan, kwenye maduka ya spea pale Nairobi, na ikikuharibikia Nyahururu hukosi fundi anayeijua. Weka benchi linalogeuka kitanda, sola, friji ndogo, na choo cha kubebeka chini ya kiti. Ila chagua fundi kwa makini. Wangu wa kwanza alifunga kabati kwa skrubu fupi. Kufika Gilgil sufuria zote zilikuwa sakafuni. Mikanda ya benchi nayo ishikwe na chuma cha gari, isishikwe na mbao.

Nafasi ndiyo inayoiangusha. Wazazi na watoto wawili wanatosha. Wa tatu akishaanza kurefuka, mtu atalala na miguu dirishani, au mbebe hema la pembeni.

Prado na hema lake sijaitupa. Ukielekea Loiyangalani, kwenye mawe na changarawe, sioni gari la kuishinda kati ya haya, na Jumatatu inapeleka watoto shule. Lakini hema likishakunjuliwa, gari haliendi popote. Hata maziwa yakiisha, unatembea.

Aliyeniuliza juzi ana mapacha wa miaka 3. Nilimwambia Hiace, na pesa zikipungua, aache friji kwanza.