"Unayo" ya ripoti ya vinasaba haijawa jibu bado

Daktari anayemwambia mtu asiiamini ripoti ya vinasaba aliyoipata kwa kutuma mate kwa posta, mpaka maabara ya hospitali ithibitishe, huonekana analinda ulaji wake. Lawama hiyo ina msingi. Mwili ni wa mwenyewe, foleni za wataalamu wa vinasaba ni ndefu, na wapo waliojua kwa njia hiyo kwamba wana badiliko katika vinasaba vya BRCA, linaloongeza hatari ya saratani ya matiti na ovari, wakati hakuna aliyewahi kuwadhania.

Hata hivyo, hoja ya daktari ni nzito kuliko inavyosimuliwa. Mwaka 2021 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliotumia data za watu karibu 50,000 wa UK Biobank, hazina ya data za afya ya Uingereza, ukilinganisha majibu ya chipu, teknolojia inayotumiwa na kampuni nyingi za vipimo hivi, na usomaji kamili wa vinasaba vyao. Kwa mabadiliko adimu ya BRCA, kati ya waliosomwa na chipu kuwa wanayo, waliothibitika walikuwa asilimia 4.2. Wanne kwa mia! Wengine wote wangeambiwa habari nzito isiyo yao.

Tena chipu si mashine mbovu. Huchungulia maeneo yaliyoteuliwa tangu mwanzo, kisha programu huwapanga watu katika makundi kwa mng'ao, yaani mwanga unaotoka katika kila eneo. Badiliko la kawaida hujitenga vizuri, na hapo usahihi hupita asilimia 99. Lakini badiliko la mtu mmoja kati ya laki moja halina kundi la kulinganishwa nalo, hivyo hitilafu ndogo ya mng'ao huhesabiwa kuwa ugonjwa. Mabadiliko yanayotisha zaidi mara nyingi ndiyo hayo adimu. Mwenye badiliko la kweli la BRCA1, kimojawapo cha vinasaba vya BRCA, ana uwezekano wa takribani asilimia 72 wa kupata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80; kwa namba hiyo watu hukubali kukatwa matiti yote mawili.

Ni haki kusema kwamba mabadiliko matatu ya BRCA ambayo Marekani iliiruhusu 23andMe, kampuni ya vipimo vya mate kwa posta, kuyaripoti mwaka 2018 yalihakikiwa kwanza. Hatari kubwa iko kwa anayepakua data ghafi ya kipimo chake, isiyohakikiwa, na kuipitisha kwenye programu nyingine. Ila hayo matatu nayo yana mtego wake: hupatikana zaidi kwa Wayahudi wa asili ya Ashkenazi (Ulaya ya Kati na Mashariki), ilhali mabadiliko ya BRCA yanayojulikana yanazidi 1,000. Mwanamke ambaye mama na bibi yake waliugua, akisoma "halijaonekana", bado hajapimwa sawasawa.

Madaktari nao hukosea wanaposema "achana nayo." Wale wanne wamo ndani ya mia, na hakuna awezaye kuwatambua kwa kutazama karatasi. Kila aliyeambiwa "unayo" achukuliwe sampuli mpya, isomwe upya.