Nguruwe Uani kwa Babu

Jamani, mie ni fundi seremala. Miaka arubaini nimechonga milango, mkono huu una makovu ya patasi kuzidi idadi ya vidole vyake. Leo nimekaa mkekani, miguu imekufa ganzi, nakata mti kwa ngumi.

Ndiyo, kwa ngumi. Ati shoka halijatengenezwa bado, kwa sababu mpini wake unatoka kwenye mti huo huo ninaoupiga. Ukiuliza unaambiwa, "Babu, ndivyo mchezo ulivyo."

Balaa limetoka Maskati. Binti yangu yuko kule kikazi, wanawe wako nami na bibi yao hapa Jang'ombe, Unguja. Kaleta kishkwambi kwa mkono wa mtu, na pamoja nacho kaleta amri: "Baba, wasicheze peke yao. Ukae nao, ucheze nao." Nikamwambia, mwanangu, mie mchezo wangu dhumna. Akasema dhumna barazani ina wazee wanne na wengine sita wa kusimama nyuma kuwakosoa, wanangu hawana hata mmoja. Nikatafuta la kujibu mpaka simu ikakatika.

Mchezo wenyewe unaitwa Minecraft. Siku ya kwanza nilisikia "maini", watoto wanalilia maini, nikaenda Darajani nikanunua nusu kilo. Tuliyala, yalikuwa mazuri, lakini kilio kilibaki pale pale.

Humo ndani kila kitu ni boksi. Kondoo boksi, mlima boksi, hata jua lina pembe nne. Ukikata shina la mti, juu kunabaki kunaelea hewani kama hakuna lililotokea. Mie mti uliwahi kuniangukia nikalala wiki mbili, huu wa Wazungu una adabu.

Lakini lililoniuma ni mlango. Gogo moja linatoa mbao nne. Mlango unataka mbao sita, sawa, nikasema hapo tunaelewana. Kumbe mbao sita hazitoi mlango mmoja, zinatoa mitatu! Bila randa, bila msumari, bila mteja wa kukwambia pesa njoo Ijumaa. Mlango wangu wa mfenesi, na nakshi zake na mfaa wake katikati, unanimaliza macho. Huyu mtoto wa miaka sita kabonyeza mara moja, mitatu hii hapa, na bado ananiuliza, "Babu, wewe ulikuwa unachelewa wapi?"

Mtoto huyo huyo, akirudi skuli na hesabu za kutoa, tumbo linamuuma. Bibi yake keshamchemshia mchaichai mpaka mmea umekwisha uani. Juzi namsikia peke yake: "Magogo mawili mbao nane. Toa sita za mlango, zimebaki mbili. Kitanda kinataka tatu. Babu, lete gogo jengine!" Tumbo kimya. Mchaichai wangu nani atanilipa?

Kishkwambi ni kimoja na watoto ni wawili, yeye na dada yake wa miaka minane, kwa hiyo hakimu ni mie. Nikapitisha sheria: mmoja ashike, mwengine aelekeze, jua likizama mpokezane. Mchana wa humo ni dakika kumi tu, nikajiona nimepata akili. Sikujua kuwa usiku wanatoka mazombi. Sasa nani anakubali kupokea zamu kunakuchwa? Kila magharibi ya humo ndani, vita huku nje. Mwisho usiku nimepewa mie. Mimi, niliyelala nje na mtaa mzima mwaka 1995 kwa khofu ya lile jini Popobawa, leo nakimbizana na maiti ya kijani nikiwa na upanga wa mbao, na nyuma yangu sauti mbili zinapiga kelele, "Geuka, babu! Si huko! Geuka!" Nigeuke vipi? Vidole vyangu ni vya kushika randa.

Wa tatu ana miaka mitatu, yeye kazi yake ni kulamba kioo. Mama yake kaniambia Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019, umri ule usizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Huyo tumempa dhumna zangu ajengee, kameza moja. Bibi yake anaifuatilia.

Amri nyengine ya Maskati: asiingie mtu tusiyemjua. Hiyo sikuhitaji kuelezwa, mtu haingii kwangu bila hodi. Juzi basi, tumo kwenye kuchunga kondoo, nikaona jitu limesimama mlangoni, halina hodi wala salamu, linatutazama. Nikaliendea. Nililipiga kwa ule upanga mpaka likatoweka, watoto wanalia, "Babu, acha!", mie damu imepanda. Haikupita dakika simu inaita kutoka Maskati.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona umeniua?"

Alikuwa kaja kuwasalimu wanawe, masikini.

Na bado hilo si kubwa. Kubwa ni nguruwe. Humo wanazagaa majanini, na yule wa miaka sita kaacha mlango wazi. Dada yake akapiga ukelele: "Babu! Nguruwe wameingia ndani! Wawili!" Mdogo naye, kwa sauti yake ya mwadhini: "Babu, tumchinje tumle?" Mie nikajibu, nakumbuka vizuri, "Huyo mwacheni, kwanza tumfungeni uani."

Dirisha letu na la jirani yanapeana mikono.

Asubuhi dukani nimesalimiwa na nusu ya watu. Barazani nilipofika, mwenzangu wa dhumna akavuta kikombe chake cha kahawa karibu naye. Jioni, hodi. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu.

Kakaa, kauliza hali ya mvua, kauliza bei ya mbao, mara ya tatu ndiyo akakohoa. "Mzee, kuna maneno mtaani." Nikamwita mjukuu wa kike alete kishkwambi. Sheha akavaa miwani. Akaona nyumba, akaona mlango, akaona nguruwe wawili wa pembe nne ndani ya uzio. Mtoto akamtembeza mote, bustani ya ngano, zizi la kondoo, mpaka ukingo wa mto. Sheha kimya. Akarudisha kidole kwenye uzio, akaufuata pole pole mwanzo mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Na hiki kiwanja," akasema, "kina karatasi?"