Shemeji na Kinga Yake

Huyu shemeji yangu, kaka ya bibi yangu, tangu mashindano ya dunia ya baiskeli (sisi Goma tunaziita kinga) yafanyike hapa jirani Kigali, Septemba 2025, hakukaliki naye. Bugali unapoa, yeye ni Pogačar tu, yule mshindi. Na mimi pia niliiangalia ile mbio: kilomita 267 na nusu, vilima juu ya vilima, na wanaume waliofika mwisho ni 30. Wengine wote, vijana wanaolipwa kwa kazi hiyo, waliachia njiani wakaenda kuoga. Wale ndio niliowaelewa.

"Shemeji, Jumamosi tunapanda Kibumba kwa kinga. Tukaangalie mandhari."

Mandhari! Mimi mtoto wa Goma. Nyiragongo, volkano yetu, nauona kutoka mlango wa choo, mita zake zote 3,470, bure. Mwaka 2002 mlima wenyewe ulitushukia mpaka katikati ya mji, bila mtu kuupanda. Lakini ukimkatalia shemeji umekatalia ukoo mzima.

Barabara ya Rutshuru ubaya wake ni kupanda kidogo kidogo. Kilima kikali kina heshima: unashuka, unasukuma, kila mtu anakuelewa. Huu mwinuko kwa macho ni tambarare, kwa hiyo ukihema watu wanadhani una ugonjwa. Pale Kibati mama mmoja mwenye mzigo wa kuni mgongoni akanifikia.

"Pole, papa. Kinga imeharibika?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona umeikalia?"

Akanipita. Na kuni zake.

Kaptula nayo, sitaki hata kuisemea. Shemeji alileta ile ya kubana, eti upepo usitushike. Upepo gani, kwa mwendo ule? Nilipita mbele ya watu ninaosali nao.

Halafu chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, zikaanza kuteremka. Mbao tupu, magurudumu ya mbao yamevishwa mpira, magunia ya viazi na kabichi yamenizidi urefu, na kijana amepiga goti moja juu ya kipande cha kandambili, anapiga mluzi. Breki yake ni kipande cha tairi cha kukanyaga. Kinga yangu ina vitesi, yaani gia, 21, na vyote vinaumiza mapaja. Yule kijana akishauza ataisukuma chukudu yake mpaka juu tena, na hakuna atakayempigia makofi wala kumvisha jezi.

Tukafika Kibumba. Mlima Mikeno ule pale, kweli mzuri, sikatai. Nikalala kwenye majani. Shemeji akatoa simu.

"Shemeji, picha haikutoka. Rudi chini kidogo, halafu upande tena ukitabasamu."

Sikumjibu. Nilimwendea kijana mmoja aliyekuwa anafunga kabichi, nikamuuliza bei ya kunishusha mpaka Goma, mimi na kinga.

Akanitazama kuanzia kichwani, akafika kwenye kaptula, akasimama hapo kidogo.

"Papa, mimi nabebea kilo. Wewe una ngapi?"